Meno ya Ngarenanyuki

Steshenari yangu iko Usa River, hatua chache kutoka barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi. Nina kompyuta moja, printa mbili (moja inatafuna karatasi kila mvua ikinyesha, sijui inahisi nini), mashine ya lamineshoni, kamera ya picha za pasipoti na benchi la mbao nje kwa wanaosubiri. Vijana huja kuchapa wasifu na barua za kuomba kazi kwenye hoteli za kitalii. Ila ugali wangu hasa unatoka kwenye ardhi. Wazee hushuka na Noah, yale magari madogo ya abiria, kutoka mlimani, wameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Wanakaa kwenye benchi, wanapumua kwanza, halafu wanasema: "Mwanangu, niandikie."

Naandika. Anwani juu kulia, tarehe, kisha YAH: kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Jirani kasogeza mpaka usiku. Shemeji kauza kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu. Mfereji umezibwa na mtu mwenye pesa. Miaka kumi na miwili ya kazi hii imenifundisha kwamba mtu aliyedhulumiwa ardhi huanza hadithi yake mbali, kwa babu wa babu. Kazi yangu ni kumsikiliza hadi mwisho, halafu niibane hadithi yote ikae ukurasa mmoja, maana ukurasa wa pili hausomwi. Tukimaliza anaweka dole, anafuta wino kwenye suruali, anauliza ni shilingi ngapi.

Nimeanza na haya ili uelewe kwa nini, katika watu wote waliowahi kusimama dhidi ya ubaguzi wa rangi, ninayemwonea wivu wa kikazi ni Kirilo Japhet. Huyo aliibeba barua ya ardhi kutoka hapahapa Meru hadi New York mwaka 1952, akaenda kuisemea mbele ya Umoja wa Mataifa.

Nilimjua kwanza kama jina la kukariri. Nilikulia Moshi kwa mjomba, na sekondari tulilazimishwa kujua majina kumi na saba ya waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 kuanzisha TANU. Tuliyatia tuni ili yasitoke kichwani: Nyerere, Rupia, Abdul Sykes na Ally Sykes, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, Pacha, Kandoro, Kunambi, Kimalando... na Japhet Kirilo. Orodha nyingine humwandika hivyo, nyingine Kirilo Japhet. Mwalimu wetu alikubali yote mawili, mradi hesabu ifike kumi na saba. Nikapata alama zangu, nikasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba mmoja wa wale ni Mmeru, na kwamba bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mmojawapo wa wale aliokwenda kuwasemea.

Bibi naye hakusema. Kwake hiyo haikuwa historia, ilikuwa "mwaka ule tulipochomewa", inatajwa pale mtu anapouliza bakuli fulani lilikwenda wapi.

Mlima Meru una sura mbili. Upande wa kusini, tunakouona sisi wa barabarani, kuna mvua, migomba, kahawa na vihamba vilivyobanana: Poli, Nkoaranga, Akeri. Ukizunguka kaskazini-mashariki, mvua inabaki nyuma ya mlima. Unakuta nyasi, mawe ya volkano, upepo wa kukausha midomo na Kilimanjaro imekaa mbele yako kama jirani. Ndiko Ngarenanyuki, au Engare Nanyuki kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za zamani. Jina ni la Kimasai, maana yake maji mekundu.

Namna Wameru walivyobanwa inachosha kusimulia, maana ni ileile ya Afrika nzima. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri. Jeshi la Wajerumani likaja kulipiza, na kufikia 1900 boma lilikuwa linajengwa Arusha, ile ambayo leo ni makumbusho. Ardhi ya chini ya mlima ikaanza kugawiwa walowezi. Miongoni mwao walikuwamo Makaburu waliohama Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza. Wameru wakabaki kati: chini mashamba ya wazungu, juu msitu wa serikali. Pumzi yao ilikuwa upande ule mkavu wa Engare Nanyuki, wanakochunga. Kwenye karatasi paliitwa shamba namba 31 na shamba namba 328, na Wameru walishikilia kwamba walishalipa kwa fedha zao ili ardhi hiyo iwe yao tena.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza ilimpa jaji mmoja, Mark Wilson, kazi ya kuangalia ardhi za Arusha na Moshi. Alipendekeza kupangua na kupanga upya. Mashamba kadhaa ya walowezi yarudishwe kwa Waafrika, na Waafrika nao watoke Engare Nanyuki na Leguruki, ili ukanda wa kati ya Meru na Kilimanjaro, kuelekea Sanya, uwe kipande kimoja cha wazungu watupu, wafuge ng'ombe wa maziwa na nyama.

Hapo ndipo mimi, mwandishi wa barua, huwa nasimama. Mapendekezo hayo yaliwekwa kistaarabu. Hayana tusi. Yanazungumzia magonjwa ya mifugo, matumizi bora ya ardhi, masoko, fidia na mabomba ya maji huko watu watakakopelekwa. Ukiyasoma umechoka unaweza kukubali. Ni pale unapouliza nani anatoka na nani anaingia ndipo unaona kwamba kipimo kilichotumika kuchora mstari ni ngozi. Mwafrika, ilisemekana, hajui kufuga kisasa. Na wakati huohuo Waingereza haohao walikuwa wametoka kuzika mamilioni ya pauni Kongwa kwenye mradi wa karanga, ukafutwa mwanzoni mwa 1951 karanga hazionekani. Sikusikia popote kwamba kuna aliyehamishwa kwao kwa kutojua kilimo.

Halafu kuna Tengeru. Wakati wa vita, wakimbizi wa Poland wapatao 5,000 walipewa pa kukaa pale Tengeru, ndani ya Meru hiihii. Siwasemi vibaya, walikuwa wamepita kwenye mateso, na makaburi yao yapo hadi leo. Nasema tu kwamba ilipotakiwa ardhi ya watu 5,000 kutoka ng'ambo, ilipatikana. Ya watu 3,000 waliozaliwa hapa ikakosekana.

Gavana alikuwa Edward Twining. Wameru waliandika barua, wakatuma wazee, wakasubiri. Mwaka huohuo wa 1951 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipita Tanganyika kukagua. Tarehe 17 Novemba kazi ya kuwaondoa ikaanza.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Ngarenanyuki kumuuliza bibi, safari hii nikiwa na daftari. Noah inatoka Usa River, inaacha lami, inaingia hifadhini lango la Ngurdoto, kwa sababu barabara ya kwenda huko inakatiza Hifadhi ya Arusha. Kuna uwanda wa majani wanaouita Serengeti Ndogo. Watalii wanasimama kupiga picha twiga, sisi tunapita tumebanana kumi ndani, mtu kapakata kuku, dereva anapiga honi nyati watoke njiani. Ukitoka upande wa pili unapokewa na vumbi na mashamba ya nyanya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na mvua?"

Sikuwa nimekuja na mvua. Akaniambia nikae. Nikamwuliza kuhusu mwaka ule, naye akaanza, kama wazee wa benchi langu, kwa babu yake. Sikumkatisha. Tulipofika asubuhi yenyewe ilikuwa saa kumi jioni.

Alikuwa na miaka tisa hivi. Mama yake alikuwa jikoni anapika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chungu kimejaa. Malori yalisikika kabla hayajaonekana. Wazee walikuwa wamekubaliana mambo mawili. La kwanza, hakuna kupigana, hata jiwe lisirushwe. La pili, hakuna kubeba kitu, maana ukibeba chako mwenyewe umekubali kuhama. Kwa hiyo baba yake alikaa kwenye kigoda ndani ya nyumba, mikono kifuani, akangoja.

"Wakaingia," anasema bibi. "Wakamwambia, mzee toka. Kimya. Wakamwambia tena. Kimya. Basi watu wawili wakamnyanyua na kigoda chake, hivi." Akanyanyua mikono yake miwili kama anayebeba meza. "Wakamweka nje, wakamgeuza ametazama nyumba. Akakaa vilevile, mikono vilevile."

Hapo alicheka. Anaipenda hiyo ya kigoda. Kisha akaniambia kuhusu chungu. Kilitolewa nje kikiwa kimejaa, kikawekwa chini kwenye majani, bado kinatoa mvuke. Nyumba ikachomwa. Watoto walikuwa na njaa toka alfajiri, loshoro iko pale, na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwa sababu baba hajasema. Anakumbuka njaa ile kuliko moto. Anakumbuka kuku mmoja aliyekataa kutoka kwenye moshi. Kanisa nalo lilichomwa, la Kilutheri, la bati na miti. Wakristo wale walijiuliza swali ambalo sina jibu lake hadi leo: wanaochoma kanisa ni watu waliotoka bara lilelile lililotuletea kanisa?

Walitakiwa kwenda King'ori, chini zaidi, kwenye joto, maji haba na malaria. Serikali ilisema imewaandalia. Wengi hawakwenda, na fidia waliikataa. Kina bibi walishuka hadi Poli kwa mjomba wa baba yake, wakabanwa saba kwenye chumba kimoja, wakilima pembe ya kihamba ambacho si chao. Waliishi hivyo miaka kumi.

Huko Poli watoto wenzao waliwapa jina: wa meno. Inabidi nieleze. Maji ya Ngarenanyuki yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa wakati meno yake bado yanaumbika, yanaota na rangi ya kahawia, mengine na madoa kama kutu. Haitoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Ukikutana na mtu mwenye meno yale Dodoma au Dar es Salaam, unamwuliza tu, "Wewe ni wa Meru?" na hukosei mara nyingi. Watoto wa Engare Nanyuki waliotawanywa 1951 walitambulika hivyo popote walipohifadhiwa. Walikuwa wakichekwa, wakajifunza kucheka wameziba mdomo na kiganja.

Sasa Kirilo.

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Wajerumani walipopigwa kwenye vita vya kwanza, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi kwa Uingereza, na mwaka 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mwingereza aliishika kama mtu anayeshika mali ya yatima, na juu yake kuna baraza linalouliza hesabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, Ibara ya 87, ulisema Baraza la Udhamini linaweza kupokea malalamiko. Mlango mdogo sana. Jirani yetu wa Kenya hakuwa nao kabisa, ingawa ardhi yake ilichukuliwa zaidi ya yetu. Wameru waliuona mlango ule, na hilo peke yake linanishangaza. Mimi nina intaneti na bado kuna ofisi sijui nibishe hodi dirisha gani.

Aliyewasaidia kuusoma mkataba ni Earle Seaton, wakili mweusi aliyekuwa na ofisi Moshi. Alizaliwa Bermuda, kisiwa cha Waingereza katika Bahari ya Atlantiki, ambako hata kwenye sinema mweusi na mweupe walikaa mbalimbali hadi watu waliposusia majumba yale mwaka 1959. Kwa hiyo mtu huyu alifika Kilimanjaro akiwa hahitaji kuelezwa ubaguzi ni kitu gani. Alifanya kazi na Wachaga, akafanya na Wameru. Baadaye akawa jaji, hadi Jaji Mkuu wa Shelisheli. Pamoja na Kirilo waliandika kitabu kuhusu kesi hii, kikatoka Nairobi mwaka 1967. Kama kuna mtaa Moshi wenye jina lake, mimi sijaupita.

Kirilo alikuwa kijana wa kizazi cha shule za misheni na cha TAA, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, mmoja wa sauti kubwa za Wameru waliokuwa wamechoka na utawala wa kupangiwa. Waliomchagua aende walijua kwamba kwenda ni fedha, na fedha ilikuwa kwenye kahawa na kwenye zizi. Michango ikapita nyumba kwa nyumba. Baba yake bibi, aliyekuwa hana nyumba, alitoa mbuzi jike. Mama yake alinuna wiki nzima kwa sababu mbuzi yule alikuwa na mimba. "Tumechomewa, tumehama, halafu mbuzi naye aende Amerika," alisema, na sentensi hiyo imebaki kwenye ukoo wetu kama methali. Mtu akiombwa mchango wa tatu wa harusi ndani ya mwezi mmoja, atakuambia mbuzi naye aende Amerika.

Bibi alidhani New York iko ng'ambo ya Kilimanjaro. Alidhani Kirilo amekwenda kuichukua nyumba yao na atarudi nayo.

Kesi ilisikilizwa New York mwaka 1952, kwanza kwenye Baraza la Udhamini, kisha ikapanda kwenye Baraza Kuu. Kirilo anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kusimama na kuzungumza katika Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kwenda kwa mara ya kwanza Machi 1955. Nikiwaza siku ile huwa sifikirii ukumbi. Nafikiria karatasi. Watu 3,000, nyumba, mifugo, kanisa, chungu cha loshoro, namba 31 na namba 328, vyote vibanwe viingie dakika atakazopewa, mbele ya wajumbe ambao wengi wao hawakuwahi kusikia neno Meru. Upande wa pili amekaa mjumbe wa Uingereza mwenye faili nene na jibu kwa kila kitu: tumewapa ardhi nyingine, tumewapa fidia, mpango huu ni wa maendeleo ya wote. Mbele ya jibu la namna hiyo ukipaza sauti umekwisha. Hoja ya Wameru ilibaki palepale: tuliondolewa kwa nguvu, bila ridhaa yetu, kwenye ardhi yetu, wakawekwa wengine kwa sababu ya rangi yao. Kama ingeletwa kwenye benchi langu, nisingeongeza neno.

Desemba 1952, Baraza Kuu lilipitisha azimio kuhusu sera ya ubaguzi ya Afrika Kusini, nchi ambako mwaka huohuo Mandela na wenzake walikuwa wanakamatwa kwa kuvunja sheria za rangi makusudi. Kwa hiyo waliokuwamo kwenye jengo lile walisikia habari za Makaburu kutoka pande mbili. Ile ya Meru ilikuwa ndogo zaidi.

Kura zikapigwa. Kwenye Kamati ya Nne, inayoshughulika na nchi za udhamini, Wameru walishinda. Azimio likapanda kwenye mkutano wa Baraza Kuu lote, ambako lilihitaji theluthi mbili. Halikuzipata.

Ndivyo ilivyokwisha. Huwa nakutana na maandishi yanayoruka hapo haraka na kusema Kirilo alishindwa kesi lakini akashinda vita. Sentensi hiyo siipendi. Inaandikwa na mtu ambaye hakulala saba kwenye chumba kimoja. Bibi aliingia Poli akiwa mtoto, akatoka mwanamke wa kuolewa. Baba yake hakuuona Uhuru. Alizikwa kwenye kihamba cha watu, na hiyo kwa Mmeru si jambo dogo.

Lakini najua pia kilichotokea baadaye, na siwezi kukificha kwa kuwa tu watu wanakitumia vibaya. Kirilo alirudi 1953, akaanza kuzunguka akihutubia. Hakurudi na nyumba ya mtu. Alirudi na habari: kwamba kuna mahali Mwingereza anaulizwa maswali, na anajibu amekaa kwenye kiti kama wewe. Kwa watu waliozoea kumwona Bwana Shauri, yule ofisa wa kikoloni wa wilaya, kama mwisho wa rufaa zote, hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko azimio lenyewe. Kesi ya ardhi ya Meru ikawa inasimuliwa sehemu ambazo hazijawahi kuuona mlima wetu. Mwaka uliofuata yumo kwenye orodha ya kumi na saba. Nyerere alipokwenda New York 1955 kwa michango ya wanachama, njia ilikuwa imeshapitwa na watu wa huku kwa mbuzi na kahawa.

Bibi alipelekwa kumwona aliporudi. Watu walijaa, yeye mfupi. "Nilichoona ni migongo," anasema.

Kwenye ukanda ule mpya wa wazungu ng'ombe wa kisasa hawakuleta neema iliyoahidiwa, na Uhuru ulipokuja Wameru wakaanza kurudi. Babu yangu alimwoa bibi Poli akampeleka Ngarenanyuki, kwa hiyo yeye alirudi kwao kama bi harusi ugenini. Walikuta jiwe la kusagia la mama yake pembeni mwa mfereji. Hakuna aliyelitaka.

Kila nikienda Arusha mjini napita Tengeru, penye kibao cha Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha sayansi na teknolojia. Mandela ana haki yake hapa. Alikuja Arusha kumalizia kazi ya upatanishi wa Burundi iliyoachwa na Mwalimu Nyerere, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Sina ugomvi na kibao. Ila siku moja kwenye haisi nilimsikia mtoto wa shule akimwuliza mama yake Mandela ni nani, mama akamweleza vizuri sana, Makaburu, ubaguzi, jela miaka 27. Mtoto akauliza, "Na huku kulikuwa na Makaburu?" Mama akasema hapana, huku hawakufika. Tulikuwa tumeshapita Tengeru, mashamba yao ya zamani yako kulia na kushoto. Nilitaka kusema kitu. Konda akaita kituo, wakashuka.

Julai mwaka jana bibi aliletwa Usa River na shangazi. Wanataka kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila ya kile kipande cha Ngarenanyuki, chini ya ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kabla hajafa, anavyosema mwenyewe bila haya. Waliambiwa na ofisi fulani walete picha za pasipoti, kopi ya kitambulisho na barua. Walishaleta mwaka juzi, faili likapotea. Nikaandika barua. YAH. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikampa pedi ya wino, nikamshika kidole gumba chake, kigumu kama kijiti, nikakibonyeza. Alama ikatoka nusu, mistari imelika kwa jembe. Tukarudia mara tatu.

Kisha nikamkalisha mbele ya kitambaa cha bluu kwa ajili ya picha.

"Bibi, usitabasamu. Funga mdomo, angalia hapa."

"Kwa nini?"

"Wanataka hivyo. Picha ya kiofisi, mtu hafungui mdomo."

Alifunga mdomo. Nikahesabu moja, mbili. Kwenye tatu akafungua, akacheka meno yote nje, yale ya kahawia, bila kiganja. Nikafuta. Tukarudia. Akafungua tena. Shangazi akamkemea kwa Kimeru.

"Si wameuliza mimi ni wa wapi?" akamjibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie vizuri. "Waone."

Nilichapa nne. Nikamtengenezea na nyingine nne za mdomo kufungwa, nilizompiga akiwa anasinzia kidogo kwenye kiti, nikaziweka kwenye bahasha ileile, kwa sababu najua hao watu. Hela sikuchukua. Wakapanda Noah ya saa nane, bahasha iko ndani ya kanga, kifuani.